Fedha nyingi ziende kwenye kadi ya grafiki

Ndugu yangu, umeeleza kwamba unataka kujiundia kompyuta ya michezo kwa skrini ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080), na kwamba karibu nusu ya bajeti yako umeitenga kwa prosesa, yaani chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta, yenye kori (vitengo vya kufanyia kazi) 8. Nakusihi ubadili mpango huo kabla hujanunua, kwa sababu katika michezo mingi mzigo mzito hubebwa na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, na prosesa ya Ryzen 5 5600, yenye kori 6, inatosha kabisa kuendana na kadi kama Radeon RX 6600 ya GB 8. Zingatia tu kwamba prosesa hiyo haina grafiki za ndani, yaani haiwezi kuchora picha yenyewe, kwa hiyo bila kadi, skrini haitaonyesha kitu.

Madabodi, yaani ubao mkuu unaounganisha sehemu zote, ya aina ya B550 itakufaa. RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR4 ya GB 16 inunue katika vipande viwili vya GB 8, kwani vipande viwili huiwezesha prosesa kutumia njia mbili za kumbukumbu kwa pamoja.

Usibane matumizi kwenye pawa saplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme. Mimi niliwahi kuunguza madabodi na diski kwa siku moja kwa sababu ya pawa saplai ya bei rahisi, hasara iliyozidi mara nyingi nilichookoa. Wati 550 zenye cheti cha 80 Plus Bronze, cha matumizi mazuri ya umeme, zinatosha.

Kadi ukiinunua iliyotumika, omba ichezeshwe mchezo mzito kwa nusu saa mbele yako, ukisikiliza feni na kutazama joto, kabla hujalipa.