Kwa nini mashabiki wa Geauga Lake bado wana uchungu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mashabiki wa Geauga Lake, bustani ya burudani yenye michezo ya kupanda iliyokuwa Ohio, Marekani, bado wana uchungu hadi leo. Milango ilifungwa tarehe 16 Septemba 2007, msimu ulipokwisha, na siku chache baadaye kampuni ya Cedar Fair ikatangaza kwamba michezo ile haitafunguliwa tena. Waliopanda siku ile hawakujua kuwa wanaaga, nami naamini kwa dhati walistahili kuambiwa mapema. Kampuni hiyo, iliyokuwa pia na Cedar Point, bustani nyingine ya aina hiyo katika jimbo hilohilo, iliinunua Geauga Lake mwaka 2004 kwa dola milioni 145, bila wanyama wa baharini waliozivuta familia nyingi, na wageni wakapungua sana.

Kinachoniumiza zaidi ni Big Dipper, reli ya mbao ya mwaka 1925, ambayo vigari vya abiria vilipanda na kushuka juu yake kwa kasi. Dominator, reli nyingine ya bustani hiyo iliyo ya chuma, ilitenganishwa vipande na kupelekwa jimbo la Virginia, lakini mbao kuukuu hazihamishiki kirahisi, hivyo ile reli ikabaki imesimama kimya, vichaka vikiota kati ya nguzo zake na rangi nyeupe ikibambuka, hadi ilipobomolewa mwaka 2016.