Kumpima kijana wa petanki: usipime lilipoishia tufe, pima lilipotua

Mkuu, nimesoma swali lako. Una vijana sita wa petanki (mchezo wa kurusha matufe ya chuma) hapo Bujumbura, kila mmoja na matufe yake matatu, kiwanja cha changarawe nyuma ya shule, na unataka kujua umpime vipi kila mmoja ili ujue nani awe msogezaji wa kuweka tufe karibu na koshone (ile goroli ya mbao), na nani awe mgongaji wa kuyafukuza matufe ya wapinzani. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Marseille mwaka wa kumi na moja sasa. Jumatano mchana shule za huku zinafungwa mapema, basi nafundisha watoto klabuni, wengi wao Wangazija. Nakueleza nilivyokosea, labda utaokoa mwaka mmoja.

Nilianza na futi kamba. Mtoto anarusha kumi, napima umbali wa kila tufe hadi kwenye koshone, naandika. Daftari likawa linapendeza, ila linadanganya. Kiwanja chetu kimejaa kokoto. Mtoto anarusha ovyo, tufe linagonga jiwe, linapinda, linakwenda kulala sentimita 15 tu kutoka kwenye koshone. Mwenzake anatua pale pale alipokusudia, tufe linadunda kwenye kokoto na kupotelea pembeni. Wa kwanza namsifu, wa pili namwambia akaze mkono. Siku moja mzee wa klabu, Mngazija mwenye miaka sabini na kitu, akanisogelea na kuniambia taratibu, "Mwanangu, wewe unalipima jiwe, mtoto hujampima bado."

Nikaenda kwa fundi baiskeli nikaomba tairi kuukuu.

Siku hizi mtoto akishasimama kwenye duara la kurushia, ananiambia tufe lake litatua wapi, kisha anakwenda mwenyewe kulaza tairi pale. Anarudi, anarusha. Likitua ndani ya tairi ni alama 2, likigusa ukingo ni 1, nje ni 0. Lilipoishia tufe naandika pia, ila kwenye safu yake ya pembeni. Ukizisoma safu mbili hizo kwa pamoja ndipo unapomjua mtoto. Anayetua vizuri na kuishia vibaya, mkono wake hauna shida. Anakisoma kiwanja vibaya. Huyo mtembeze, muinamishe, aguse udongo, aone wapi pana mteremko na wapi ni pagumu. Anayetua nje kila mara, rudi naye kwenye mkono: kiganja kiangalie chini, vidole vibanane, tufe litoke likijizungusha kurudi nyuma. Na yule anayetua nje lakini analala karibu na koshone ana bahati tu, na bahati haifundishiki.

Tairi pia hulihamisha. Karibu na duara, tufe litabingirika sehemu kubwa ya safari. Katikati ya safari, linaruka nusu na kubingirika nusu. Karibu kabisa na koshone, linapanda juu na kushuka kama embe lililoiva. Mtoto akiweza moja tu kati ya hizo, usimwite msogezaji bado.

Kabla ya mkono, lakini, angalia miguu. Mchezo huu ulizaliwa La Ciotat, hapa jirani yetu, mwaka 1907 hivi, kwa sababu mchezaji mmoja mwenye baridi yabisi hakuweza tena kupiga hatua za mbio za mchezo wa zamani wa Provence (mkoa wetu huu wa kusini mwa Ufaransa), wenzake wakakubali warushe wakiwa wamesimama. Mpaka leo miguu haitoki kwenye duara wala kunyanyuka kabisa hadi tufe liguse chini. Na duara lenyewe ni la sentimita 35 hadi 50, basi mtoto anayeyumba utamwona mapema. Angalia na tufe analoshika. Ya mashindano yanaanzia gramu 650 mpaka 800. Nilimsumbua kijana mmoja miezi miwili kwa "mkono mzito", kumbe alikuwa anarusha matufe ya baba yake.

Kwenye kugonga ndiko niliumia zaidi. Nina binti wa miaka 14, mazoezini alikuwa anagonga saba katika kumi, mita 7, mfululizo. Kwenye mechi hagongi kitu. Nikadhani ni woga. Siku moja nikahesabu vizuri: mirusho miwili ya mwanzo alikosa, kuanzia wa tatu mkono ukashakariri. Na mechi haikupi mrusho wa tatu wa umbali ule ule. Shindano rasmi la kugonga linalijua hilo: vituo vitano, kila kimoja kwa mita 6, 7, 8 na 9, mirusho 20, kila mmoja unapewa 0, 1, 3 au 5, jumla 100. Kwa hiyo nikaanza kumbadilishia umbali kila mrusho, na baada ya kila mmoja anakwenda kulifuata tufe lake kwa miguu, anarudi, anasubiri. Akaanguka mpaka matatu katika kumi na mbili. Alinuna wiki nzima. Baada ya miezi miwili akafika sita, na hizo sita zinaonekana hata kwenye mechi. Juzi kapiga karo (si ya shule, ni tufe lako kumfukuza mwenzake na kukaa pale pale alipokuwa), uwanja mzima ukapiga kelele.

Kuhusu kugawa nafasi, usiharakishe. Nilimpa kijana mmoja ugongaji kwa sababu ana mabega, kumbe mrusho ni bembea, wala si nguvu. Timu ya watatu ina mtu wa kati anayefanya yote mawili, basi waache wote sita wawe watu wa kati kwa miezi kadhaa. Wakikuambia huu ni mchezo wa Wafaransa, waambie Madagaska wametwaa ubingwa wa dunia mwaka 1999, wakarudia 2016 nyumbani kwao Antananarivo.

Jambo moja la mwisho: kila mtoto na daftari lake, na la mwenzake asilione. Mimi nilibandika alama zote ukutani kwa majina. Jumatano iliyofuata watoto wawili hawakuja, na mmoja hajarudi mpaka leo.