Taa za tanki zinawaka alfajiri, mawe yamejaa mwani: nipange vipi masaa?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mwanga, Kigoma. Nina tanki la lita 240 sebuleni, lina mawe na samaki wa ziwa letu: Tropheus wanane na Neolamprologus brichardi sita. Lina miezi minne. Taa ni za LED zenye njia mbili, nyeupe na bluu, zote nimezichomeka kwenye taima moja ya gurudumu na pini, ile ambayo pini ulizosukuma ndizo masaa taa zinapowaka. Kwenye intaneti nilikuta ratiba ya masaa 12, nikaifuata: gurudumu nikaligeuza kulingana na saa ya simu, halafu nikasukuma pini kuanzia 4, ziwake saa nne asubuhi, nikahesabu masaa 12 mbele. Ajabu, mke wangu anasema taa zinawaka alfajiri, mara saa kumi, juzi saa kumi na moja na kitu. Nikirudi kazini saa kumi na mbili jioni nakuta zimezima, basi naziwasha kwa swichi ya pembeni mpaka tunapolala saa tano. Mawe na vioo vimejaa mwani, na taa zikiwaka samaki wanarukaruka na kujigonga. Aliyeniuzia anasema taima ni mbovu. Ninunue nyingine?

JIBU: Marahaba. Taima yako ni nzima, usimlipe mtu hela ya nyingine kwa sababu hiyo. Ulichofanya ni kuipa lugha mbili kwa wakati mmoja.

Simu yako inahesabu siku kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Gurudumu umeliweka kwa saa ya simu, pini umezisukuma kwa Kiswahili. Namba 4 ya gurudumu hilo ni saa kumi alfajiri. Saa nne asubuhi yako imeandikwa 10. Kwa hiyo taa zimekuwa zikiwaka saa kumi alfajiri na kuzima saa kumi jioni, kabla hujafika nyumbani. Ungezungusha na gurudumu kwa Kiswahili asubuhi ile, makosa mawili yangefutana na usingeniandikia.

Hiyo saa kumi na moja ya juzi ni umeme. Taima ya gurudumu huzungushwa na umeme wenyewe: ukikatika saa moja na robo, gurudumu nalo linasimama saa moja na robo, na ukirudi linaendelea pale lilipoachia. Halijirekebishi. Kila baada ya katizo, ligeuze kwa mkono mpaka mshale uelekee saa iliyopo. Ukichoka na kazi hiyo, ndipo ununue taima ya kielektroniki yenye betri ndani. Yenyewe hukumbuka saa hata giza likiwa nyumba nzima.

Sasa hesabu. Masaa 12 ya taima, na matano ya swichi ya pembeni, ni 17. Jua la Kigoma halifanyi kazi hivyo. Tuko karibu nyuzi tano kusini ya ikweta, mchana wetu ni kama masaa 12 mwaka mzima, na asubuhi na jioni mwanga unapiga maji kwa kulala, sehemu kubwa inarudi juu. Ukichanganya masaa 17 ya taa na mbolea inayotokana na chakula na kinyesi ndani ya lita 240, mwani utakushukuru sana.

Hata masaa 12 yenyewe uliyonakili sidhani yaliandikwa kwa ajili yako. Ratiba za taa nyeupe na bluu zilizojaa mtandaoni nyingi ni za matumbawe ya maji chumvi. Tumbawe lina mwani mdogo mno ndani ya mwili wake, unaolitengenezea chakula kwa mwanga, kwa hiyo mfugaji wake anahesabu taa kama wewe unavyohesabu chakula. Samaki wako hawali mwanga. Wanautaka wa kuonea, na Tropheus wanautaka kidogo zaidi ili mawe yaote utando wa kijani wa kukwangua. Basi.

Ratiba yangu ni hii. Tafuta taima ya pili, bluu iwe na yake na nyeupe yake. Kwa wiki mbili za mwanzo nyeupe iwake saa tisa na nusu alasiri, yaani 15:30 kwenye gurudumu, izime saa tatu na nusu usiku, 21:30. Bluu itangulie nusu saa na ichelewe nusu saa: 15:00 mpaka 22:00. Kama taa yako ina kitufe cha kupunguza nguvu, nyeupe ianzie asilimia 40. Kama haina, inyanyue sentimita ishirini juu ya maji. Mwani ukitulia, sogeza mwanzo wa nyeupe nusu saa kila wiki mpaka ufike 14:00, na bluu uisogeze pamoja nayo. Hapo nyeupe itakuwa masaa saba na nusu. Mimi singezidisha.

Nimekupangia taa zifike mpaka usiku makusudi, kwa sababu ndipo uko nyumbani. Asubuhi samaki wataamshwa na mwanga wa dirishani, mradi jua lenyewe lisipige kioo. Usihangaike pia kufuata mapambazuko ya watu wa Dar: jua letu linachelewa lao kwa kama dakika arobaini. Wapo wanaogawa taa, masaa matatu asubuhi, mapumziko, kisha mengine jioni, wakidai mwani unachanganyikiwa. Sijaona faida yake, ila kwa anayetaka kutazama samaki akinywa chai.

Kurukaruka kunatokana na giza kugeuka mchana kwa kufumba na kufumbua. Samaki hawa hawana kope. Bluu ikitangulia watazoea, na usiku acha taa ya sebule kwa dakika kumi baada ya bluu kuzima ili kila mmoja apate pango lake. Baada ya hapo giza kabisa. Bluu ya kukesha eti mbalamwezi, hapana. Waulize wavuvi wa dagaa pale Kibirizi kwa nini hupumzika mwezi ukiwa mpevu: mwanga ukienea ziwa zima, samaki hawakusanyiki tena kwenye taa zao. Mwanga wa usiku unabadilisha mwenendo wa samaki, na wa kwako ni wakorofi vya kutosha wakiwa wamelala.

Umeme ukikatika, taa ziwe jambo la mwisho kukuumiza kichwa. Siku nzima bila taa haiwadhuru. Bila pampu ya hewa, masaa machache yanaweza kuwamaliza. Betri ukiwa nayo, iende kwenye pampu.

Mwani uliopo, badilisha robo ya maji kila wiki na punguza chakula. Kilichobaki chini baada ya dakika mbili kilikuwa kingi. Kama una rangi ya kahawia na unafutika kwa kidole, ni wa matanki mapya, mara nyingi huisha wenyewe. Wa kijani usugue kwenye kioo cha mbele tu. Wa kwenye mawe waachie Tropheus.