Barua kwa mwanangu: Spika Reed na akidi iliyotoweka

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini wapinzani wa Thomas Brackett Reed, yule Spika kutoka jimbo la Maine, walimwita “Czar”, yaani mfalme wa Urusi asiyepingwa, na kama kweli alilipora Baraza la Wawakilishi la Marekani. Anza na hesabu, ndipo jina hilo utalielewa.

Katiba ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya wajumbe wawepo ndipo kazi ifanyike. Mwaka 1890 viti vilikuwa 330, kwa hiyo akidi ni 166. Ila kwa mazoea ya miaka mingi, “aliyepo” alikuwa yule tu aliyepiga kura. Mjumbe angeweza kukaa kitini na gazeti lake, karani akaita jina, yeye akanyamaza, na kumbukumbu zikasema hayupo. Chama cha Republican, chake Reed, kiliwazidi Democrat kwa viti vichache sana. Wakiugua Republican kadhaa, Democrat wananyamaza, shughuli inakwama. Juu ya hapo kulikuwa na hoja za kuahirisha kikao, moja baada ya nyingine, kila moja ikidaiwa kuitiwa majina yote mia tatu na ushei.

Reed alikalia kiti cha Spika Desemba 1889. Tarehe 29 Januari 1890, katika shauri la kiti cha West Virginia kilichogombaniwa, Democrat walidai akidi haipo. Akamwagiza karani aandike waliomo ukumbini wasiopiga kura, akaanza kuwataja mmoja mmoja. McCreary, Democrat wa Kentucky, akainuka kumkatalia haki ya kumhesabu. Reed akamuuliza kama anakana kwamba yupo. Angejibu nini, naye amesimama pale anazungumza?

Tarehe 14 Februari kanuni mpya zikapita: Spika anahesabu waliopo, anakataa hoja za kupoteza muda tu, na Baraza zima likikaa kama kamati, akidi ni watu 100. Mahakama Kuu ilizikubali mwaka 1892 katika kesi ya Ballin. Kura iliyobishaniwa ilikuwa 138 za ndiyo, hapana hakuna, 189 hawakupiga. Reed alikuwa ametaja 74 kati ya hao walionyamaza. Jumla 212, akidi imepita.

Usimfanye malaika. Mwaka 1880, Democrat walipokuwa wengi, pendekezo kama hilohilo lililetwa na yeye akalipinga. Lakini werevu wake uko baadaye: Democrat waliporudi na wingi wakaifuta kanuni yake, Reed akawaambia watu wake wanyamaze. Shughuli zikakwama hadi mwaka 1894, chini ya Spika Crisp, wenyewe wakairudisha.

Kuhusu uporaji: nguvu yake ilipitia Kamati ya Kanuni, iliyopanga mambo gani yajadiliwe na vipi; ilikuwa ya watu watano, ambamo yeye, McKinley na Cannon walikuwa watatu. Wenzake wangeweza kumpigia kura ya kumpinga siku yoyote, hawakutaka. Na nje ya Baraza mkono wake haukufika. Muswada wa Lodge wa kusimamia chaguzi, uliolenga kulinda kura za Waamerika weusi wa Kusini, ulipita Barazani kwake Julai 1890, ukafia Seneti, nyumba ya pili ya Bunge, ambako hakukuwa na wa kukatiza mjadala.

Mwaka 1898 wengi Barazani walitaka vita na Hispania, kisha kutwaa visiwa vya mbali. Reed alivipinga vyote viwili, na wengi aliowajengea nguvu wakampita. Mwaka 1899 aliacha kiti, akaenda kufanya uwakili New York.