Rejista inasema 168, NEMIS inasema 131

Mwalimu, umesema rejista ya shule yako ina watoto 168 lakini NEMIS, mfumo wa serikali ya Kenya wa kuandikisha wanafunzi, ina 131, na mkuu wako anadhani wewe ndiye mzembe kwa sababu hesabu hizo mbili hazikubaliani. Pole. Niliingiza majina kwenye NEMIS miaka sita katika shule ndogo ya msingi ukanda wa miwa, upande wa Muhoroni, na hayo maneno niliyasikia mpaka nikayazoea.

Hao 37 wasioonekana kwenye mfumo nina hakika wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Bila namba ya cheti mfumo haumtambui mtoto, na asiyetambuliwa hatengewi kapitesheni, yaani fedha ambazo serikali hutoa kwa shule kwa kila mwanafunzi. Kwetu wengi walilelewa na nyanya zao. Mama yuko Nairobi, cheti yuko nacho au hakikuchukuliwa kabisa. Ukimuuliza nyanya tarehe, anakwambia mtoto alizaliwa mwaka ule wa mafuriko. (Kwetu mafuriko ni kila mara, sasa uchague mwenyewe.) Shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka ni kidogo, lakini mara 37 ni 52,540. Kwa shule kama yako hilo si pengo la kufumbia macho.

Ila usidhani ukishapata vyeti 37 umemaliza. Hata hao 131 wakague. Kiwanda cha sukari kikisimama, wakata miwa wanafunga virago na watoto wao, na hakuna anayekuja kuaga. Mtoto anabaki jina kwako mpaka umwachilie kwenye mfumo ndipo shule nyingine impokee. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta majina 19 ya watoto ambao hakuna mwalimu aliyekumbuka sura zao. Kwa hiyo una makosa mawili yanayofichana: walioko hawaonekani, wasiokuwepo wanaonekana.

Nilipopanga majina upya ndipo nikaiona shule yenyewe. Gredi ya 3 ilikuwa na watoto 22: Wajaluo, Wakipsigis, Wanandi, Waluhya na Wakisii wawili. Ile lugha ya eneo tunayotakiwa kufundishia gredi za chini, ungechagua ipi? Tulitumia Kiswahili, na hakuna mzazi aliyelalamika.

Jambo jingine ni Gredi ya 7. Tangu 2023 tulitarajia watoto wakae hapo hapo hadi Gredi ya 9. Wetu walimaliza ya 6, wenye uwezo wakahamia shule yenye maabara. Hapo ndipo panauma, maana mtoto wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) anatengewa shilingi 15,042 kwa mwaka.

Ukitaka kuhesabu, usihesabu siku ya soko wala Ijumaa. Ingia darasani na rejista, ita majina mwenyewe, usipokee hesabu ya kuletewa. Kisha peleka orodha ya wasio na vyeti kwa naibu wa chifu. Wetu aliandika barua zote za kuombea vyeti kwa siku moja, akina nyanya wakaenda kwa msajili pamoja kwa matatu moja, na kufikia muhula wa tatu tulikuwa na vyeti 24.