Kate Rusby: uanzie wapi?

Ndugu, umeuliza uanze na albamu ipi ya Kate Rusby, yule mwimbaji wa nyimbo za jadi wa Uingereza, na kama kwao watu bado wanaimba nyimbo za jadi. Wanaimba sana! Yeye ni wa Barnsley, Yorkshire, na lafudhi ya kwao haifichi anapoimba. Anza na Sleepless ya 1999, iliyoteuliwa kuwania Mercury, tuzo ya muziki ya Uingereza. Kisha nenda moja kwa moja kwenye Sweet Bells ya 2008, maana hapo ndipo utamwelewa.

Vijiji vya karibu na mji wa Sheffield, huko huko Yorkshire, vina nyimbo zao za Krismasi. Karne ya 19 makanisa yalizitupa, wenyeji wakazihamishia baa. Hadi leo, kuanzia katikati ya Novemba, Jumapili mchana watu wanabanana baani, kwa mfano pale baa ya Royal, kijiji cha Dungworth, wanaimba kwa sauti zote. Shairi moja la Krismasi, la wachunga kondoo, lina tuni kadhaa! Kate alizisikia tangu utotoni akiwa na wazazi wake, na ndizo alizorekodi kwenye Sweet Bells. Mimi zikianza zile ala za shaba nyuma ya sauti yake, naacha kila ninachofanya.