Swali la Lugha: Picha hupigwa, huchukuliwa ikishakuwa tayari

Msomaji wetu wa Jinja, mpiga picha aliyeanza kupata wateja wa maofisini, anauliza: "Wateja wangu ni mawakili, wahasibu na watu wa benki. Wanataka ile picha safi ya kuweka kwenye tovuti ya kampuni na kwenye LinkedIn. Nimeandikisha bango: 'Tunachukua picha za kichwa za biashara'. Mwenzangu anasema hicho si Kiswahili. Ni kweli?"

Ni kweli, ndugu yangu. Bango lako lina makosa matatu. Mawili nitayapitia haraka, maana la tatu limenikera kwa muda mrefu na leo umenipa nafasi ya kulisema.

"Picha ya kichwa" tayari ina wenyewe, nao ni watu wa hospitali. Daktari wa Mulago akikuambia ukapigwe picha ya kichwa, anataka kuona fuvu, kama anavyotaka picha ya kifua ili aone mapafu. Mwambie mama yako kwenye simu kwamba kesho unapigwa picha ya kichwa, uone kama atauliza utavaa koti gani. Atauliza umeanguka wapi. Nayo "biashara" ni kuuza na kununua. Neno lilitoka Uarabuni na maana hizo mbili. Picha za biashara ni za sabuni, viatu na magunia ya kahawa, vitu vinavyotafutiwa mnunuzi. Wakili hauzwi. Yeye anapigwa picha ya kikazi, na anayetaka kujua inafika wapi mwilini, mwambie ni ya mabega kwenda juu.

Sasa nije kwenye "tunachukua".

Kuchukua ni kukiondoa kitu kilipo ukaenda nacho. Kwa hiyo kitu lazima kiwepo kwanza. Mpiga picha aliyechukua picha yangu, kwa Kiswahili ninachokijua, ameingia sebuleni kwangu, ameitoa ukutani na ameondoka nayo. Wazee waliokwenda studio enzi za filamu hawakuwa na shida hapa. Siku ya kwanza ulikwenda kupigwa picha, ukapewa risiti. Filamu ikasafishwa, picha zikachapwa. Siku nyingine ukarudi na risiti yako kuchukua picha. Ni safari mbili zenye vitenzi viwili, na kila kimoja kilifanya kazi yake. Hata mwaka 2014, tulipopanga foleni kuandikishwa vitambulisho vya taifa, mambo yalikwenda hivyo hivyo: siku ya kuandikishwa ulipigwa picha, na baadaye ukaitwa kuchukua kitambulisho. Anayesema "nilichukua picha" siku ya kuandikishwa anatulazimisha tumuulize: ulipewa kadi siku ile ile?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kosa hili halina hata kisingizio cha lugha zetu za nyumbani. Mganda husema okukuba ekifaananyi, yaani kupiga picha, kwa kitenzi kile kile anachotumia kwa ngoma na kwa simu. Hata hicho ekifaananyi kimezaliwa na kufanana, ambako sisi pia tunako. Mtoto wa Masaka anayejifunza Kiswahili ana "kupiga picha" mdomoni mwake kabla mwalimu hajafungua kitabu. Halafu tunamwona ameacha njia hiyo iliyonyooka, amezunguka kwa Waingereza wenye "take a picture" yao, na amerudi na "kuchukua picha". Huo mzunguko umemfaidi nini? Na hakurudi na hilo peke yake. Kaja pia na "kuchukua dawa", wakati dawa humezwa au hunywewa. "Kuchukua basi", wakati basi hupandwa. Na "kuchukua mtihani", wakati mtihani hufanywa, na anayeuchukua kabla ya siku yake hushtakiwa.

Nimejibiwa mara nyingi kwamba lugha hukua, na kwamba hata Nairobi na Dar es Salaam wanasema hivyo. Lugha hukua, sikatai. "Picha" yenyewe ni neno la Kiingereza, tulilipokea, tukalivisha irabu zetu, na leo ni letu kabisa. Lakini tulilipokea kwa sababu tulikuwa na kitu kipya mkononi. Kitenzi cha kukifanyia kazi tulikuwa nacho, piga, ambacho kimebeba pasi, chapa, mswaki, hodi na deki bila kuchoka. Na hao hao wanaosema "kuchukua picha", waulize jina la mtu mwenye kamera. Wote watasema mpiga picha. Sijasikia hata mmoja akimwita mchukua picha. Lugha yenyewe imekwisha kuamua, nao wameusikia uamuzi wake.

Tena kitenzi hicho kinaidharau kazi yako, na hili nalisema kwa ajili yako. Picha ya kikazi haikai pale kitini ikisubiri kuokotwa. Unamsogeza mteja mbali na ukuta ili kivuli chake kisimfuate. Unaweka taa pembeni, juu kidogo ya macho, na upande wa pili unasimamisha ubao mweupe ulainishe kivuli cha shavu. Unachagua lenzi ya milimita 85 au karibu na hapo, kwa sababu lenzi pana iliyosogezwa karibu na uso hukuza pua na kurudisha masikio nyuma. Unanyoosha kola. Unahakikisha jicho lililo karibu na kamera ndilo linaloonekana wazi kuliko vyote. Baada ya yote hayo, bango lako mwenyewe liseme umechukua?

Kuna jambo moja ninaloliachia. Mteja akitoka kwako atasema "nimepiga picha", ingawa aliyepiga ni wewe na yeye amepigwa. Mganda angesema okwekubisa, na kwa neno moja ungejua kwamba amejipeleka akapigwe. Sisi hatukulizoea umbo kama hilo hapa, na "nimepigwa" peke yake huwatia watu hofu ya fimbo. Kwa hiyo watu wameamua hivyo, muktadha unawasaidia, nami sitagombana nao. "Nimepigwa picha" bado ndiyo sahihi zaidi, na kwenye maandishi rasmi ndiyo nitakayoidai.

Bango lako basi liandike: "Tunapiga picha za kikazi". Chini yake, kwa herufi ndogo: "Utazichukua siku hiyo hiyo", kama kweli unaweza. Hapo kuchukua kuko nyumbani kwake.